Jino la Bosi

Corinne Thibodeaux alikuwa na mikono yenye haya, na hiyo ndiyo iliyomnyima fulana ya njano. Kwenye meli ile ya kushushia askari pwani, rangi ya fulana yako ndiyo kazi yako. Wa buluu hufunga helikopta minyororo. Wa njano husimama mbele ya helikopta na kuiongoza kwa ishara, na rubani hutii, awe luteni au kanali. Corinne alikuwa wa buluu, na mtihani wa njano ulikuwa umeshamwangusha mara mbili.

"Unaongoza helikopta au unaomba chumvi mezani?" Bosi alimfokea mara ya pili, tena kwa kipaza sauti, meli nzima ikisikia.

Bosi ni Kamanda Haugen, mwenye sitaha. Nahodha Prewitt ndiye mkubwa wa meli, naye ndiye huigeuza ielekee upepo. Lakini kitu kikitaka kuruka, kutua au kusogea hata unyayo mmoja, msemaji ni Bosi, juu mnarani. Askari wa Marine waliobebwa wana mkubwa wao, Kanali Stroud, ambaye ana watu, ana helikopta, anairusha ya kwanza mwenyewe, na hana ruhusa ya kuwasha hata moja bila Bosi. Jambo hilo lilimuuma kama kiatu kipya.

Ikafika asubuhi ya mtihani wa tatu. Anayeanguka mara ya tatu hupelekwa chumba cha kufulia, akakunje soksi za wenzake hadi meli irudi nyumbani, bandari ya Norfolk. Corinne hakulala vizuri.

Kabla ya kuruka, watu hupanga mstari bega kwa bega, wakatembea kutoka omo, mbele ya meli, hadi tezi, nyuma yake, wakiokota kila kilichodondoka: skrubu, kokoto, kifungo. Injini ikimeza skrubu moja, watu wanakufa. Kwa hiyo hata Bosi hushuka kutembea, na siku hiyo alitembea akitafuna nyama iliyokaushwa huku akimsulubu Corinne.

"Leo nikiviona tena vile vikono vyako vya..."

Jino lake la mbele, la dhahabu, likachomoka. Corinne aliliona likidunda kwenye chuma na kupotea. Bosi naye alijua. Ulimi wake ulikwenda kwenye pengo, ukarudi, ukaenda tena. Akafumba mdomo. Akamtazama Kanali Stroud, aliyekwisha kukaa kwenye helikopta yake akigonga saa kwa kidole. Halafu Bosi akafanya jambo ambalo mtu mwingine akilifanya, yeye humla mzima: akageuka kimyakimya kuelekea ngazi ya mnara.

Sheria iko wazi: aonaye hatari asimamishe kazi, awe nani. Ila haisemi ufanyeje hatari ikitoka kinywani mwa mwenye sitaha, siku anayokutahini. Corinne akakimbia, akampita, akasimama chini ya ngazi, akanyanyua mikono juu ya kichwa na kuipishanisha. Simama.

"Toka njiani," Bosi alisema kwa midomo iliyobanwa.

Mikono haikushuka.

"Corinne, mwanangu, umechoka kuishi?" alinong'ona Ruiz, mkongwe wa fulana ya njano aliyemfundisha kazi.

"Muulize jino lake liko wapi."

Bosi akaiva uso hadi masikioni, akamtazama, akaitazama ile mikono.

"Nipishe," akasema, "nikatangaze."

Punde kipaza sauti kikakoroma. "Thikilizeni! Thitaha imefungwa. Wote rudini mthtarini. Limepotea jino. Mwenyewe ni mimi."

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Kanali Stroud akamwita Nahodha kwenye redio. "Nahodha, jeshi zima linangoja jino?"

"Mimi nimeshika meli tu, Kanali. Sitaha ni ya Bosi. Shuka ukainame na wenzako."

Akashuka, akainama, akilaani. Na ndiye aliyeliokota, kwenye kishimo cha kufungia minyororo, akalinyanyua juu. "Nadai medali!"

"Thitaha iko wazi," Bosi akasema kutoka juu. "Thibodeaux, mrushe huyo."

"Afande, mimi wa buluu!"

"Ruiz! Mpe yako!"

Ruiz akavua fulana ya njano pale pale kwenye upepo, akamvisha. Ikamfika mapajani. Corinne akasimama mbele ya helikopta. Kanali, aliyekwisha kurudi kwenye kiti chake na kuchelewa vya kutosha, akamwonyesha saa yake kupitia kioo: twende! Lakini mtu wa mwisho wa buluu alikuwa bado chini ya tumbo la helikopta na mnyororo wake. Corinne akapishanisha mikono juu ya kichwa.

Kanali akatulia. Kule mnarani hakuna aliyefoka. Mtu wa mnyororo akatoka, akapita nyuma yake, na ndipo Corinne alipomruhusu Kanali aende.