Kanda Niliyoiandika "Tupu"

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kanisani, na hilo ndilo lililokuwa kosa la kwanza. Studio yetu ilikuwa ghorofani mjini Eldoret, juu ya duka la dawa za mifugo, na ngazi zake zilikuwa za chuma. Nilipanda nikipiga kelele kama ng'ombe darajani, mpaka Meneja akatoka ofisini kuangalia ni nani amekuja kumbomolea jengo.

"Wewe ndio Agneta?"

"Ndiyo, bosi."

"Umewahi kushika kamera?"

"Hapana."

"Poa. Wenye wamewahi kushika huja na maringo. Toa hizo viatu, shika taa."

Basi nikaanza hivyo, miguu mitupu, taa mkononi. Shule niliachia darasa la nane, kwa hivyo msomaji akikuta sentensi imepinda, asidhani ni mtindo. Ninaandika kwa sababu vijana na hata watu wazima hapa Kimumu hunijia na simu zao wakiniuliza wanunue kamera gani. Kila mara naanza kujibu, halafu naona jibu langu lina hadithi ndefu nyuma yake. Nina daftari nililokuwa nikiandika enzi zile. Pale daftari linaponyamaza, nitasema sikumbuki.

Taa nilishika mwaka mzima. Ukiwa wa taa unajifunza kitu ambacho wa kamera hakioni upesi: uso wa mtu unataka mwanga kutoka ubavuni, si kutoka mbele. Ukimulika mbele, anakuwa kama picha ya kitambulisho. Leo sihitaji taa yenyewe kufundisha hilo. Namkalisha mtu kando ya dirisha, na dirisha halina bili ya stima.

Kutoka taa nikapandishwa kwa stendi. Ile stendi ya miguu mitatu wengi huiona ni mzigo tu. Meneja alikuwa akisema, "Mkono wa binadamu unapumua. Stendi haipumui." Hapo alisema kweli, na nampa sifa yake. Baadaye nikapewa kamera ya pili, ambayo kazi yake ni kuangalia watu wakati kamera ya kwanza inaangalia maharusi. Tulitumia kanda ndogo, ukubwa wa kibiriti hivi, kila moja saa moja. Siku za katikati ya wiki nilikaa na Mhariri Mkuu, mtu mpole aliyekunywa chai bila sukari na kuilaumu kompyuta kwa kila jambo. Yeye alihamisha kanda kwenye kompyuta, akakata, akaunga, akachoma kwenye diski ya mteja. Mimi nilipanga kanda.

Sasa niseme desturi moja ya kazi yetu, maana hapo ndipo nilipokosea.

Kamera zile zilikuwa na maiki ndogo ndani yake. Maiki ya ndani husikia kwanza kilicho karibu: pumzi ya mpiga picha, kidole chake, na upepo wa huku kwetu ambao haukosi. Anayehutubia kule mbele anasikika wa mwisho, kama mtu aliye ndani ya pipa. Dawa yetu ilikuwa moja. Tulifunika kila kitu na nyimbo. Maharusi wanaingia, wimbo. Baba anatoa hotuba, wimbo. Mdomo unauona ukicheza, lakini kinachosikika ni kwaya. Meneja alisema, "Customer anataka kuona gauni. Hotuba alisikia siku ile." Na kusema haki, wateja wengi walifurahi.

Ndipo akaja Mzee Barasa, mkulima wa mahindi kutoka Chepsaita, kuagiza video ya harusi ya mwanawe. Mzee huyu hakuwa anaona, macho yalikuwa yamezima miaka mingi. Meneja alikohoa kidogo.

"Mzee, niwie radhi. Sasa wewe utaangalia aje?"

"Wewe piga," Mzee akasema. "Hiyo ya kuangalia uniachie."

Tulicheka alipotoka. Mimi pia nilicheka.

Bibi harusi aliitwa Wanjiku, wazazi wake wenye duka hapa Kimumu, watu wa kabila lingine waliotoka upande wa Kati zamani. Ndoa ilikuwa na shida moja, na shida hiyo ilikuwa mama yake Mzee Barasa, ambaye wote walimwita Kukhu, yaani nyanya. Kukhu alikuwa ametangaza kwamba hataki msichana wa kabila lile, na kwamba chakula cha mkono wake hatakula. Aliyasema wazi, hata wapishi wa harusi walijua.

Siku yenyewe, kule Chepsaita, hotuba zikiwa zinaelekea mwisho, Kukhu akainuka. MC alidhani anataka choo. Kumbe anataka maiki. Akamnyang'anya, akasema: "Kuanzia leo huyu ni wangu. Mwenye maneno yake aniletee mimi." Hema likalipuka vigelegele. Kamera ya kwanza ilikuwa kwa keki. Iliyomwona Kukhu ni yangu peke yake.

Mhariri Mkuu aliweka wimbo mzuri sana hapo. Diski ya mteja ilipokwisha kuchomwa, alifuta kazi yote kwenye kompyuta, maana haikuwa na nafasi. Kilichobaki ni kanda drooni kwangu. Sheria ya Meneja ilikuwa hivi: kanda ikae wiki mbili, mpaka mteja aseme ameridhika, ndipo niandike "tupu" kwenye kibandiko chake ili irekodiwe tena. Mzee Barasa alichukua diski yake Jumanne. Jumanne hiyo hiyo niliandika "tupu". Nitaeleza nilivyowaza, bila kupunguza: mzee haoni, atalalamika nini?

Jumatatu iliyofuata nikasikia ngazi za chuma. Alikuwa Mzee Barasa, ameshikwa mkono na Wanjiku mwenyewe.

"Nimesikiza harusi yote," Mzee akasema. "Nyimbo ni tamu. Lakini watu mlipeleka wapi?"

"Watu wako, Mzee," Meneja akajibu. "Wanaonekana vizuri kabisa."

"Kwa nani?"

Wanjiku akasema kwa upole, "Ni ile maneno ya Kukhu tunataka. Huko nyumbani kuna wenye wanasema alikuwa anacheka tu, eti MC alimsukuma. Nikiwa nayo, watanyamaza. Na mimi mwenyewe sikusikia vizuri, watu walikuwa wanapiga kelele."

Nilifungua droo nikijua nitakachokosa. Kanda ya kwanza ilikuwepo. Ya pili, ile ya Kukhu, ilikuwa imechukuliwa Jumamosi kwenda siku ya zawadi ya shule fulani. Niliiomba, nikaiweka kwenye kamera, nikatazama. Mwalimu mkuu alikuwa anasifu hesabu za darasa la sita mahali pale Kukhu aliposimama. Dakika nzima.

Meneja alinivuta kando. "Waambie kanda ilikuwa mbovu. Hizi vitu huharibika." Hakuwa mtu mbaya, alikuwa ananikinga mimi na studio pamoja. Lakini Wanjiku alikuwa ananiangalia, na sikuweza. Nikasema, "Tulirekodi juu yake. Ni mimi niliiachilia mapema."

Sikusema kwa nini niliiachilia mapema.

Wanjiku hakulia. Afadhali angelia. Alisema tu, "Basi," akaanza kumgeuza Mzee kuelekea ngazi. Nikaona mdomo wangu unasema wenyewe: "Alhamisi nitakuja Chepsaita. Nitamrekodi Kukhu tena."

"Kukhu si redio," Mzee akasema. Lakini alikuwa anatabasamu kidogo.

Vifaa nilivyobeba siku hiyo nitavitaja, kwa sababu ni vilevile ningemwambia mtu abebe leo. Nilichukua kamera ndogo kuliko zote studioni. Nilichukua stendi. Nilichukua betri mbili. Na kwa mara ya kwanza nikachukua maiki ya kubana kwenye nguo, ambayo ilikuwa imelala kabatini ndani ya boksi lake, na hedfoni za Mhariri Mkuu. Maiki ya kubana inakaa shubiri moja chini ya kidevu, kwa hivyo inamsikia mtu kabla ya upepo. Hedfoni ni za kukuambia ukweli wakati bado unaweza kurekebisha. Mhariri Mkuu alinifuata mpaka mlangoni. "Agneta, sikiza kwanza, ndio upige. Hiyo kompyuta yangu haiwezi kurekebisha kelele."

Kukhu alikuwa jikoni, kwenye kigoda, akichambua maharagwe. Wanjiku alikuwa anasonga ugali. Mzee Barasa alikaa karibu na mlango.

"Mama," Mzee akasema, "huyu ndiye yule wa video. Amekuja uyaseme tena yale maneno ya harusi."

"Yapi?"

"Kuhusu Wanjiku."

"Nilishasema."

"Yalipotea, Kukhu," nikasema. "Ni makosa yangu."

Akaniangalia tangu kichwa mpaka viatu. "Wewe ulikuja na mitambo yote ile, ukakula wali yetu, halafu ukapoteza maneno?"

"Ndiyo, Kukhu."

"Mimi siwezi sema tena. Siku ile watu walikuwa wengi, moyo ulikuwa juu. Leo nikisema itakuwa kama mtu anaimba mazishi bila maiti."

Nilikuwa nimeshambana maiki kwenye kitenge, na kamera inarekodi. Kwenye hedfoni nilisikia maharagwe yakidondoka kwenye ungo, na mwiko wa Wanjiku ukisimama. Hilo ndilo lililonitisha, mwiko kusimama. Wanjiku alikuwa anasubiri. Nikafikiri, sasa nimeharibu mara mbili. Hapo mwanzo kulikuwa na shaka, leo kutakuwa na ushahidi kwamba amekataa.

Kukhu akageuza shingo. "Na wewe mbona umeacha kusonga? Hiyo ugali itakuwa uji tena."

"Ninasonga, Kukhu."

"Ni laini. Kila siku laini." Akanigeukia. "Unajua hii ugali yake ni laini namna gani? Ukiikata inakufuata. Kwao wanakula hivyo, sijui. Nimeanza kumfundisha tangu harusi, kichwa ngumu kama jiwe. Lakini nitamfundisha mimi. Si wale wanaokuja hapa kusema-sema. Angekuwa wa mtu mwingine ningekula, niseme asante, niende nikamcheke njiani. Huyu siwezi kumcheka, ni wangu. Lete hapa hiyo sufuria, wewe."

Wanjiku alileta sufuria. Alikuwa anacheka na kupangusa macho kwa mkono wa sweta. Kukhu alimega tonge, akatafuna kwa muda mrefu.

"Leo si mbaya sana," akasema. "Hicho kidude kinasikia?"

"Kinasikia, Kukhu."

"Basi kiandike, si mbaya sana."

Studioni kukawa na mjadala. Meneja alisema tuweke wimbo mdogo chini chini, angalau. Mhariri Mkuu alitaka kukata sauti ya jikoni na kuiweka juu ya picha za harusi, ionekane Kukhu alisema hivyo chini ya hema. Alikuwa fundi, ingekubali, na sijui kama kuna mtu angegundua. Mimi nilisema hapana, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwambia hapana mtu aliye juu yangu. Nilisema harusi ibaki harusi na jikoni ibaki jikoni. Mwanzoni mwa sehemu ile niliweka sauti yangu, nikisema ilirekodiwa baada ya harusi, na kwamba kanda ya siku yenyewe ilipotea mikononi mwangu. Mhariri Mkuu alisikiliza yote kwa hedfoni, akavua. "Haina hata cha kukata," akasema. Harusi nayo tuliiunga upya kutoka ile kanda ya kwanza iliyosalia, bila nyimbo, na sauti za watu zikarudi, mbovu lakini zao.

Niliipeleka Chepsaita mwenyewe. Mzee Barasa alikaa mbele ya spika, mikono juu ya fimbo. Ikafika sauti yangu ikikiri. Akainua kidole, nikasimamisha.

"Kwa nini uliiachilia mapema?"

Ningeweza kusema kazi zilikuwa nyingi. Nikamwambia kweli, kwamba nilidhani mtu asiyeona hatajua kilichokosekana.

Akarudisha mkono juu ya fimbo.

"Umesema vizuri," akasema. "Endelea, tumsikie mama."

Sasa nimestaafu. Kazi ile niliendelea nayo kwa miaka mingi, hata nikakaa kiti cha Mhariri Mkuu alipoondoka, ingawa sidhani nilimfikia. Nikiulizwa kamera gani ununue, jibu langu huwachosha wengi: iliyo mfukoni mwako inatosha kuanza. Nunua maiki kwanza, halafu hedfoni, halafu stendi. Kamera kubwa iwe ya mwisho, kama bado unaitamani. Na kabla ya kuunga wimbo wowote, sikiliza ulichorekodi mpaka mwisho, na uwe na nakala mbili mahali pawili. Huenda wenye elimu wana mpangilio mwingine. Mimi ninao huu.

Juzi alinijia mwalimu mmoja jirani anayetaka kutengeneza video za mapishi ya mama yake, awatumie ndugu zake walio mbali. Alikuwa amenunua maiki ndogo ya kubana, na amejaribu mara moja tu. Alidhani imeharibika, kwa sababu kuna kelele chini ya maneno yake mwenyewe akieleza mapishi. Nikavaa hedfoni, nikasikiliza. Nikampa asikilize.

Akatoa macho. "Ni mama! Kwani yeye huimba akipika?"

"Hukuwahi kusikia?"

"Miaka yote hii, sijawahi."

Akauliza kama kuna programu ya kuondoa kelele hiyo. Ipo, nikamwambia, lakini usiguse.