Somo la Mantiki Nililokwenda Nalo Maparoni

Siku niliyoripoti kazini Kibiti, Afisa Utumishi alinipokea kwa maneno ambayo sikuyatarajia. "Zuhura, kabla hujakabidhiwa kata, unarudi chuoni." Nilikuwa nimeajiriwa mtendaji wa kata, yaani msimamizi wa shughuli za serikali, kuanzia mikutano hadi migogoro. Katika kozi tuliyopangiwa kulikuwa na somo la utangulizi wa mantiki na fikra tunduizi. Wenzangu walisema ni somo la watu wenye muda wa kubishana. Mimi nililipenda tangu kipindi cha kwanza.

Mkufunzi wetu alikuwa mama asiyecheka ovyo. Alitufundisha kwamba kila hoja ina hitimisho, lile unalotaka watu wakubali, na ina kauli zinazolibeba. Kauli zikiwa legelege, hitimisho linaanguka hata likisemwa kwa sauti kubwa. Asubuhi moja akatuuliza, "Kila penye dungu la kulindia mpunga, nguruwe mwitu wamepita. Je, tubomoe madungu ili nguruwe wasije?"

Tukacheka.

"Mnacheka? Hoja za namna hii mtazikuta kazini, na watakaozitoa watakuwa wanalia."

Nilifaulu vizuri sana, sioni haya kulisema. Nikaanzia kata ya Mtunda kwenye kesi za mipaka ya mashamba, kisha nikahamishiwa Maparoni, kata ya visiwani kwenye delta ya Rufiji.

Huko masika moja homa iliwaangukia watoto, wengine wakafariki. Kijiji kikamnyooshea kidole Bi Siwatu, mkunga mzee aliyeishi peke yake. Watu walitaka apakiwe kwenye mtumbwi, asirudi tena. Nikampigia simu Afisa Tarafa, mkubwa wangu wa kazi.

"Mwondoe huyo bibi kwa usalama wake, yaishe," akasema.

"Bosi, nikimwondoa nitakuwa nimemhukumu. Niruhusu niitishe mkutano."

"Haya. Likiharibika, ni lako."

Mkutanoni aliyesimama kwanza ni Shamte, mvuvi aliyekuwa amemzika mwanawe juzi. "Kila nyumba anayoingia bibi huyu, msiba unafuata. Mnataka ushahidi gani tena?"

Watu wakaitikia kwa hasira. Bi Siwatu alikaa mkekani, ameinamisha kichwa. Niliijua hoja ile, ni ile ya madungu na nguruwe.

"Kaka Shamte, pole sana. Nani alimwita Bi Siwatu kwako?"

"Mimi mwenyewe."

"Ulimwitia nini?"

"Mtoto alikuwa anachemka mwili mzima."

"Basi homa ilitangulia, yeye akafuata?"

Nikawageukia akina mama. "Nani hapa Bi Siwatu aliingia nyumbani kwake, na mtoto wake yu mzima?" Mkono mmoja ukanyooka kwa woga, halafu mwingine, mpaka upande wote wa wanawake ukajaa mikono iliyoinuliwa.

"Sasa nimlaumu nani?" Shamte akauliza, akaanza kulia.

Swali hilo mantiki haikunipa jibu lake. Nilikwenda kukaa karibu naye. Kesho yake boti ya wahudumu wa afya ilifika, watoto wakapimwa, ikaonekana ni malaria. Wakatibiwa, vyandarua vikagawiwa. Afisa Tarafa alikuja mwenyewe, akanishika mkono mbele ya watu. "Bi Zuhura, umefanya vyema kutonisikiliza."

Sasa nimestaafu, nina mikorosho yangu hapa Kibiti. Vijana wanaosoma somo lile huja kuniuliza lina faida gani, maana hakuna tangazo la kazi linalolitaja. Nawaambia linakupa ujasiri wa kuuliza swali la pili wakati kila mtu ameridhika na jibu la kwanza. Kisha nawasimulia lililotokea baadaye. Mke wa Shamte alishikwa na uchungu, maji yamekupwa na boti haiwezi kupita. Shamte alitoka mbio, akapita nyumba za ndugu zake wote, akasimama mlangoni kwa Bi Siwatu.

"Hodi, mama," akasema. "Nisamehe. Twende nyumbani."

Bi Siwatu alikuwa ameshajifunga kanga.