Goti la Umm Saleh

Nichekeni mimi, mjukuu wangu msimguse. Suleiman alipokubaliwa kusoma sheria chuo kikuu Riyadh, weusi darasani mwao walikuwa wawili tu. Mimi ndiyo kwanza nimetoka Unguja, nakaa kwa mwanangu hapa Jeddah, na Kiarabu changu ni cha kuokoteza.

Jirani yetu Umm Saleh alikuwa akinambia, "Watoto wenu weusi kazi yao mizigo bandarini. Chuo watakiota."

Basi habari ilipofika nilikimbia kwake bila viatu. "Mjukuu wangu atakuwa hakimu!"

Akaduwaa. "Hakim? Yule mweusi wenu?"

"Huyo huyo, mweusi tititi!"

Tangu hapo akawa ananiletea sambusa, anauliza kijana atarudi lini. Nikajisemea, kiburi kimemshuka.

Likizo ikaja, na Suleiman akaja. Hajamaliza kahawa, Umm Saleh huyo, na mashoga zake watatu nyuma. Akakaa mbele ya kijana wangu, akapandisha gauni, akatoa goti limevimba kama boga.

"Hakim, lishike. Mwaka wa pili linaniuma."

Suleiman akajiziba macho. "Bibi! Umewaambia mimi nani?"

"Hakimu! Si unasomea kuhukumu?"

"Bibi, kwa Waarabu hakim ni daktari! Anayehukumu ni kadhi!"

Umm Saleh akalishusha gauni mbio. "Kumbe huyu goti langu halijui?"

"Halijui," nikasema, uso unaniwaka kwa haya, kidevu juu. "Lakini ukishtakiwa kwa kuonyesha miguu, ndiye atakayekuhukumu."