Mkaratusi wa Mpakani

Mwezi jana nilirudi Kitengela kumzika jirani yetu wa zamani. Watu walisimama mmoja mmoja wakasema alikuwa mpole. Mpole! Nilikaa nyuma nimenuna. Mtu mpole hamburuti nyanya yangu kwa mzee wa mtaa kila wiki kwa sababu ya mti mkavu.

Ilikuwa miaka ya tisini. Mkaratusi ulisimama mpakani, kati ya boma letu na shamba lake la sukuma wiki. Ulikauka ukiwa umeinamia jiko la nyanya, lile la mabati lililonukia moshi na muthokoi, mahindi yake ya kukoboa, ambamo sisi wajukuu tulilala baridi ikizidi. Na udongo mweusi wa Kitengela unaujua, rafiki yangu: kiangazi unapasuka hadi mguu unaingia, mvua ikija unalegea kama uji. Nyanya alisema mvua ya kwanza itatuletea huo mti kitandani.

Jirani hakutaka kusikia.

"Mama, huo mti ndio mpaka. Ukikatwa, kesho utasema shamba yangu ni yako."

"Na si mti umekufa?"

"Mti imekufa. Mpaka haijakufa."

Nilimchukia yeye, kofia yake, kikohozi chake cha asubuhi na mbwa wake. Nyanya naye hakuwa mnyonge. Kila jioni alimwaga maji machafu upande wa jirani huku akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti.

Mwishowe mzee wa mtaa aliwasimamisha wote wawili, wakapanda mkonge kufuata mpaka. Mmoja alishika mche, mwingine akashindilia udongo, na hawakutazamana hata mara moja. Sasa mpaka ulikuwa na alama nyingine. Jirani aliishiwa na sababu, akabaki na masharti: hata tawi moja lisiguse sukuma zake.

Fundi wa miti alikuja mawingu yameshajaa upande wa Ngong. Alitufukuza watoto hadi barabarani, akazima moto jikoni, akatoa mbuzi. Hakuupanda; mti mkavu, alisema, unakuvunjikia ukiwa juu. Alifunga jiwe kwenye kamba, akairusha hadi tawi la juu, akaikaza, akawapa wanaume waivute kutoka mbali, kufuata mstari wa mkonge. Kisha akaanza kukata.

Msumeno ulikuwa umeshaingia ndani upepo ulipogeuka. Shina likalia, mti ukaanza kurudi upande wa jiko, na wanaume wakaburutwa na kamba yao. Fundi alipiga kelele waongezeke. Nyanya akaishika naye, akateleza, akaanguka.

Jirani aliruka mkonge na gambuti zake za mpira, akaidaka kamba. Alivuta huku akitutukana sote, kwa Kiswahili na Kikikuyu, kuanzia nyanya hadi vitukuu ambao hawajazaliwa. Mti ukalala mpakani, jiko likabaki limesimama.

"Sikukuja kuwasaidia," akahema. "Nilikuwa nachunga mboga yangu."

Akabeba nusu ya kuni, na nyanya akamlaani kwa kuchagua zile nene.

Baada ya mazishi nilipita pale. Jiko halipo. Kuna ghorofa mbili za kupangisha, na katikati ukuta uliochomekwa vipande vya chupa juu. Nilimwuliza dada mmoja aliyekuwa akianika nguo ni nani anakaa upande wa pili. Hajui, hajawahi kumwona. Hawagombani hata siku moja. Niliondoka na hasira ambayo sikujua nimpelekee nani. Ukipiga nduru pale leo, utasikia madirisha yakifungwa.