Rangi Nyeusi ya Rwamba

Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipopigana na Mau Mau, Rwamba na majirani zake waliondolewa kwenye mashamba yao juu ya Runyenjes, wakakusanywa katika kijiji kilichozungukwa na handaki. Mumewe, Mwaniki, alikuwa kizuizini, na hakuna aliyemwambia ni kambi gani. Asubuhi wanawake walichimba handaki hilo. Alasiri waliachiliwa kidogo watafute chakula na kuni, kisha kafyu.

Rwamba alikuwa msusi wa viondo, vikapu vya katani. Katani alikwangua mwenyewe. Rangi nyeusi iliyomfanya ajulikane sokoni aliipata kwenye magome ya mti wa msituni, na sasa aliyeonekana msituni alipigwa risasi. Akawa anasuka viondo vyeupe tupu, bila furaha.

Jirani yake alikuwa Jedidah, mke wa homugadi, mlinzi wa kijiji aliyeitumikia serikali, aitwaye Kathuri. Zamani wanawake hao walisuka pamoja. Tangu Mwaniki akamatwe, hawakusalimiana.

Mvua ilinyesha, maji yakatuama handakini. Waliporudi kuchimba, Rwamba alizama hadi magotini katika tope jeusi lenye kunuka. Akakumbuka jinsi mama yake alivyozika nyuzi zilizolowekwa magome katika tope kama hilo ili ziwe nyeusi. Alikosa magome tu. Na magome yalikuwepo: kando ya kituo cha homugadi palikuwa na rundo la magome ya miwati, miti iliyochongwa nguzo, yaleyale ambayo viwanda hununua kwa kutengenezea ngozi.

Alisimama hapo akisitasita. Jedidah akafika na chakula cha mumewe.

"Rwamba, unataka nini hapa?"

"Magome. Yanaoza bure."

"Ya rangi?"

"Ya rangi."

Jedidah aliingia. Sauti ya Kathuri ikapanda, ikashuka. Jedidah akatoka na karai tupu la kubebea magome.

"Amesema tuyaondoe yote, yanaleta inzi. Hata mimi viondo vyangu ni vyeupe."

Waliyachemsha mpaka maji yakawa mekundu, wakaloweka nyuzi, kisha wakazizika topeni. Mara ya kwanza zilitoka kijivu kama majivu. Jedidah alitaka kuzitupa.

"Ngoja," Rwamba alisema. "Tuzirudishe kwenye maji ya magome, halafu topeni tena."

Walipokuwa wakikoroga, Jedidah alisema ghafla, "Mwaniki sikumtaja mimi kwa serikali. Na Kathuri ameniapia kwamba si yeye."

Rwamba aliendelea kukoroga. "Ya Kathuri siyajui. Wewe nakuamini."

Safari hii nyuzi zilitoka nyeusi tititi. Walizisuuza mtoni wakicheka kama wasichana, hata askari aliyewalinda akageuka kuwatazama.

Mwaniki aliachiliwa baada ya miaka mitatu, amekonda, na alipomkuta Jedidah nyumbani kwake alitoka nje, akaketi nyuma ya nyumba. Rwamba hakumfukuza rafiki yake. Alimpelekea mumewe uji hukohuko nje, akaketi naye, akamweleza yote tangu mwanzo. Mwaniki alikunywa uji.

Vijiji vilipovunjwa, walirudi shambani na kupanda miwati mpakani. Mwaniki hakumsalimu Kathuri kwa muda mrefu. Lakini kila alipokata mti aliubambua magome, akayaweka juani katika mafungu mawili, moja la mkewe, moja la Jedidah.