Ng'ombe Watatu Kisimani

Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimemalizika karibuni, nami nasomesha darasa la nne huko Wingwi. Mjomba wangu baharia aliniachia kamera yake, kisanduku cheusi, pamoja na filimu moja ya picha nane. Niliipeleka darasani.

"Kila kundi picha moja," niliwaambia wanafunzi. "Nipigieni jambo linalotusumbua hapa kwetu, ambalo tumezoea kulipita tu."

Wazee wawili walinijia. Kupiga watu picha kuliwatia shaka katika dini yao. Tukakubaliana: uso wa mtu hautapigwa.

Kundi moja lilipiga njia iliyoliwa na mvua, jengine paa la skuli linalovuja. Kundi la mwisho liliongozwa na mtoto mpole ambaye tangu mwaka uanze hajanyanyua mkono kujibu suali. Yeye alikwenda kisimani. Kisima chenyewe kilikuwa cha wazi, mtu anateremka mpaka kwenye maji.

Picha zilipotoka kusafishwa mjini, ile yake niliiangalia mara tatu. Ng'ombe watatu wamesimama ndani ya maji, na ubavuni mwao mkono wa mwanamke unateka kwa kata ya kifuu.

Nilizibandika ukutani, na Ijumaa baada ya sala nikawaalika wazazi. Baba mmoja alisimama mbele ya picha ile, uso umemkunjika.

"Maalim, hawa ng'ombe wangu. Nani kawapiga picha?"

Sijafungua mdomo, yule mtoto mpole akasimama. "Mimi, baba."

"Mwanangu mwenyewe! Wataka kuniaibisha mbele ya watu?"

"La, baba. Lakini huo mkono ni wa mama. Na maji hayo ndiyo tunayokunywa."

Baba akasogea karibu, akaitazama bangili kwenye ule mkono. Kisha akachukua bakora yake akatoka bila ya kuaga.

Jumamosi, ambayo kwetu ilikuwa siku ya kusoma, mtoto hakuja skuli. Nilijilaumu sana, niliona nimemponza. Wakati wa mapumziko nikaenda kwao, na njia ya kwao hupita kisimani. Nikawakuta hapo: baba na wanaume wengine sita wanachomeka miti kuzungushia kisima, na pembeni washachimba mahala pa kunyweshea mifugo. Mwanafunzi wangu kashika kamba, anawapimia.

"Maalim, niwie radhi," alisema baba, anajifuta jasho. "Leo nimemzuia. Kazi kaianza yeye, n'likuwa sitaki aikose."

Mtoto alinitazama, akacheka kwa haya, akarudi kwenye kamba yake.

Nimesomesha miaka mingi baada ya hapo, na wengi waliopita mikononi mwangu wamepata vyeo. Lakini siku ile nilirudi darasani kifua mbele, na hata leo nikiulizwa kuhusu kazi yangu, huanza na mtoto yule.