Mafuta ya Taa Kwenye Majani ya Chai

Nimesoma mpaka darasa la nne tu, na duka langu la Lemara nililisimamisha kwa mikono hii. Miaka ile ya bidhaa kuadimika, pipa la mafuta ya taa lilikaa humo humo dukani na halikumsumbua mtu. Rafu zilikuwa tupu. Harufu ingeingia kwenye nini? Biashara ilipofunguliwa na bidhaa zikarudi, nikajaza majani ya chai, unga na biskuti. Mfanyabiashara mwenzangu naye akafungua duka ng'ambo ya barabara.

Siku moja mama mmoja tunayesali naye akanirudishia pakiti ya chai. "Mangi, hii chai yako naweza kuwashia kibatari." Akavuka barabara. Wengine wakamfuata.

Nikatundika turubai kati ya pipa na rafu, nikaziba dirisha ili upepo usiisambaze harufu. Ikazidi.

Binti yangu wa kidato cha tano alikuwa likizo. "Baba, harufu haingoji upepo," akasema. "Ni chembe ndogo mno, zinakwenda zenyewe kila upande, zimenyooka mpaka zigonge ukuta au zigongane."

"Nani anazisukuma?"

"Hakuna. Hazitulii, wala hazivutani."

"Basi hazina ukoo."

Akacheka. Nikamwambia vitu vikigongana lazima nguvu ipotee, agongeshe mkokoteni ukutani aone.

"Hizi moja ikipunguza mwendo, nyingine inaongeza. Jumla ni ile ile. Tunakubali hivyo kwanza, ndipo tunapiga hesabu."

Kukubali kwanza nisichokiona sipendi hadi leo. Lakini nikatazama ng'ambo: wateja wa mtaa walikuwa wale wale, ila waliopungua kwangu walikuwa wamesimama kule.

"Na joto?" nikauliza, maana mchana bati likipata moto harufu ilikuwa inanikaba.

"Joto likizidi, zinakimbia zaidi."

Hilo nililijua kwa pua yangu, bila kidato. Kwa hilo moja nikayakubali na mengine, nikaona pia kwamba kwa kuziba dirisha nilizifungia humo ndani pamoja na chai yangu.

Nikajenga kibanda cha mabati nyuma, nikahamisha pipa, nikafungua dirisha, nikaleta chai mpya. Yule mama alipopita nikamwita. Akainusa pakiti muda mrefu, kama anayetafuta kosa. Nikatazama pembeni, mimi mteja simbembelezi.

"Weka na sukari, Mangi," akasema.